Aliyetolewa Kundini Bado Anasoma

Kazini walimwita Bawabu, na alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, alichelewa kugeuka. Wala hakusimama kwenye lango lolote. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na kutwa nzima aliketi mbele ya kompyuta mbili katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya magodoro. Kazi yake ilikuwa kuitunza seva ya ujumbe ya chama kilichowahifadhi wanawake waliokimbia waume waliowapiga. Maneno yote ya chama yalipita pale, ya madereva, ya wauguzi, ya watunza nyumba. Aliyeingia kundini aliingia kwa mkono wa Bawabu, na aliyetoka alitoka kwa mkono huohuo. Jina lilianzia hapo.

Chama hakikutaka kutumia huduma za ujumbe zinazotumiwa na kila mtu, maana mume mmoja aliwahi kumfikia mkewe kwa kuifuata namba ya simu tu. Wakachukua programu ya wazi, isiyouzwa, inayoandikwa na mafundi waliotawanyika huku na huko, kila mmoja akiongeza kipande chake. Bawabu alikuwa mmoja wao. Kazi hiyo aliijifunza ukubwani, baada ya ofisi alimokuwa akiunganisha simu kufungwa na wenzake wengi kurudi nyumbani kukunja mikono. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliwaambia watu kwamba mkewe anatengeneza makufuli yasiyo na chuma, na alisema hivyo kwa fahari ya mtu ambaye haelewi ila anaamini. Mama mkwe aliishi nao, na kwake yeye kazi ya kukaa haikuwa kazi. Lakini simu yake ikigoma, hakuna mlango aliougonga kabla ya ule wa mkamwana wake.

Aliyekianzisha chama alikuwa mkunga mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Kila mtu alimwita Shangazi. Yeye na Bawabu walipendana na hawakupatana. Shangazi alitaka kundi moja kubwa, Kundi la Safari, ambamo kila mtu anamwona kila mtu, na yeyote anaweza kumwingiza mwingine papo hapo. Alisema mwanamke anayevuja damu hawezi kungoja ruhusa ya mtu aliyekwenda kunywa chai. Bawabu akamjibu kwamba penye kuku wengi hapamwagwi mtama. Shangazi naye akasema kuku wake anawajua mmoja mmoja, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia mara nyingi kabla.

Bawabu hakubishana zaidi, ila hakuacha. Katika kompyuta ya pembeni alianza kuandika upya mpango wa ruhusa. Kila akaunti ingepewa daraja: dereva aone safari yake tu, mtunza nyumba aone nyumba yake tu, na wa kumwingiza mtu mpya awe na mwenzake wa kukubali. Lakini kilichomnyima raha hasa kilikuwa ufa mmoja wa zamani. Mtu akitolewa kundini, jina lake lilifutika mara moja, na wote wakaona ametoka. Ila alihisi kwamba simu ambayo tayari ilikuwa imefunguliwa akaunti yake haikufungiwa kweli, iliendelea kupokea ujumbe. Hakuwa na hakika. Aliwaandikia mafundi wenzake, wakamwambia watalitazama.

Asubuhi ambayo ufa huo ulijionyesha ilianza bila neno. Kulikuwa na safari moja tu. Mama mmoja na mtoto wake mchanga walikuwa wanahamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kwa sababu mume alikuwa ameonekana mtaani akiuliza uliza. Chama hakikuwataja wanawake kwa majina yao. Kila mmoja aliitwa Mgeni, hata kama alikaa mwaka. Dereva wa siku hiyo aliitwa Taratibu, kwa sababu baiskeli zilimpita na hakuona haya. Alikuwa na sharti lake: akishashika usukani hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mkewe. Simu yake ilikaa kwenye kishikio mbele ya kioo, imewekwa kusoma kwa sauti ujumbe wa Kundi la Safari na si kitu kingine.

Taratibu akatuma ujumbe kabla ya kuondoka: amempakia Mgeni na mwanawe, anaelekea nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Bawabu alikuwa akiulinganisha mpango wake mpya na seva yenyewe, akitazama ujumbe huo ulivyosambaa. Kundi lilikuwa na watu tisa, lakini seva ilionyesha simu kumi zimepokea. Alidhani macho yamemdanganya. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akatazama tena. Zilikuwa kumi, na ile ya kumi haikuishia kupokea. Ilikuwa imeufungua ujumbe na kuusoma.

Aliichimba ile simu ya kumi mpaka akaiona akaunti yake, na alipoiona hakuamini. Ilikuwa ya Mpishi, mama mtulivu aliyewahi kupika katika nyumba ya kwanza ya chama, akaondoka kwa ugonjwa wa mgongo mwishoni mwa mvua zilizopita. Bawabu mwenyewe ndiye aliyemtoa kundini. Alikumbuka hata alivyobonyeza, huku akizungumza na mtu mwingine.

Akaenda mlango wa pili, ambako Shangazi alikuwa akimhoji muuguzi mpya, akamwomba atoke. Shangazi alipoiona sura yake hakuuliza, akamfuata mpaka kwenye kompyuta zake. Bawabu alimweleza kwa maneno machache. Shangazi akasema Mpishi hawezi kufanya hivyo. Mpishi aliwahi kulala chini ili Mgeni alale kitandani.

"Sijasema ni yeye," Bawabu alisema. "Nasema ni simu yake. Aliyeishika simfahamu."

Shangazi akampigia Taratibu. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita, ikakata. Sharti lile ambalo yeye mwenyewe alilisifu mbele ya madereva wote sasa lilikuwa limemgeukia. Akampigia mtunza nyumba ya kiwandani, akamwambia afunge milango yote, awakusanye wanawake wawili waliokuwamo kwenye chumba cha nyuma, na asimfungulie hata mtu anayelia. Kisha akampigia ofisa wa polisi waliyekuwa wakishirikiana naye. Ofisa akasema askari watatoka gari likipatikana. Shangazi akamwambia anashukuru, akakata simu, akatamka neno ambalo mkunga mstaafu hatamki mbele ya watu.

Ilibaki njia moja ya kumfikia Taratibu, nayo ni Kundi la Safari, na kundi lilikuwa na sikio la kumi.

"Basi tumdanganye huyo anayesikiliza," Shangazi alisema. "Andika kwamba safari imebadilika, wanakwenda upande mwingine kabisa. Taja mtaa wowote wa mbali."

"Na Taratibu naye akiufuata?"

Shangazi akaiweka simu yake mezani.

"Na hata asipoufuata," Bawabu aliendelea, "mlango wowote nitakaoutaja una mtu nyuma yake, Shangazi. Nimpelekee mtu mwenye hasira mlango wa nani?"

Shangazi aliketi juu ya boksi la karatasi bila kujali kama litambeba. Akauliza kama haiwezekani kumfukuza huyo wa kumi. Bawabu akamweleza kwamba kwa programu ya zamani haiwezekani, kwa kuwa imeshaandika kwamba Mpishi ametoka, na huwezi kumtoa aliyekwisha kutoka. Wangeweza kuizima seva nzima, lakini hapo Taratibu asingesikia lolote na angeendelea na safari yake polepole mpaka mlangoni. Au wangeweza kuuweka ule mpango mpya.

"Umekamilika?" Shangazi aliuliza.

"Haujakamilika."

"Umeujaribu?"

"Kwenye kompyuta ya pembeni. Kwenye watu wa kubuni."

Pengine Shangazi alikumbuka mara zote alizoambiwa kuhusu kuku na mtama. "Fanya," alisema tu.

Bawabu akaigeukia kompyuta, akaanza. Alipofika mahali ambapo programu inauliza kama anayeondolewa aarifiwe, akaweka hapana. Hakutaka aliyeishika ile simu ajue kuwa ameonekana, akakimbilia mlangoni kabla ya Taratibu kuonywa. Akaunti ya Mpishi ingekatwa kimyakimya. Kwa mwenye simu, kundi lingeonekana limelala tu.

Akabonyeza. Seva ikasita, ikazima, ikaamka. Akatazama ile simu ya kumi, ikawa haipo tena. Akashusha pumzi na kuandika haraka: Taratibu, usiende kiwandani, nenda hospitali kubwa, mlango wa dharura, ukae karibu na walinzi. Akautuma.

Ujumbe haukumfikia mtu yeyote.

Alibaki ameutazama, mdomo wazi. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake na alikuwa ameona, ingawa hakuelewa anachokiona. Ikambidi Bawabu aeleze kile alichokielewa wakati huohuo, na kila neno lilimchoma. Mpango mpya ulisema asiye na daraja haoni kitu. Watu wake wa kubuni wote alikuwa amewapa madaraja siku nyingi, akasahau kwamba watu wa kweli hawana hata mmoja. Alikuwa amemfungia mtu wa kumi nje, na wale tisa pia. Huko barabarani simu ya Taratibu ilikuwa kimya mbele ya kioo, na Taratibu akiendesha akiamini mambo shwari.

"Mpe basi," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Huenda ndivyo alivyokuwa akiwasemesha wanawake zamani, mtoto alipokataa kutoka.

Bawabu aliitafuta akaunti ya Taratibu. Akakosea herufi, seva ikamwambia mtu huyo hayupo. Akakosea tena. Mara ya tatu akalitamka jina herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, Shangazi akiitikia kila herufi nyuma yake, na akaunti ikafunguka. Akampa Taratibu daraja la dereva. Akautuma ujumbe upya. Umetumwa. Umepokewa na mmoja.

Kisha hakukuwa na la kufanya. Wakangoja. Kupitia ukutani walimsikia muuguzi mpya akikohoa, peke yake, bila mtu wa kumwambia kama amepata kazi au hakupata. Shangazi aliuliza kama kupokewa maana yake umesikika. Bawabu akasema umepokewa na simu. Masikio ya mtu hayana seva.

Ujumbe wa sauti wa Taratibu ulipokuja, ulikuja na kilio cha mtoto nyuma yake. Alisema amesikia. Alikuwa amefika kona ya kiwanda, gari moja lilikuwa limesimama ng'ambo ya nyumba likiwa na mwanamume ndani, na yeye amepita kama anayekwenda zake. Mgeni alikuwa amelala chini, sakafuni mbele ya kiti cha nyuma, amemkinga mtoto kwa mwili wake. Anaelekea hospitali. "Na mniambie," alimalizia, "kwa nini kundi liko kimya hivi."

Shangazi aliinamisha kichwa juu ya bega la Bawabu, kwa ghafla na kwa uzito, akakiacha hapo kwa muda. Wala hakulia. Kisha akainuka, akaweka sawa kitambaa chake, akaenda kumaliza kumhoji muuguzi.

Kule kiwandani yule mwanamume alishuka, akagonga, akaita jina la mkewe mpaka majirani wakatoka. Mtunza nyumba hakufungua. Askari walipofika gari lake lilikuwa limeondoka, lakini majirani walikuwa wameshika namba yake, na siku ile ile alikamatwa. Huko polisi alimtaja bila kusumbuliwa mtu aliyempa habari. Alikuwa mfanyakazi mwenzake, na huyo mwenzake ni shemeji yake Mpishi, mume wa mdogo wake, aliyekuwa akiishi nao nyumba moja. Simu ya Mpishi ilikaa mezani, haina nywila. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mambo yalipotulia, Bawabu alikamilisha mpango wake, akawapelekea mafundi wenzake ili kila anayetumia programu ile aupate. Wengi walimshukuru. Mmoja, mzee wa nchi nyingine ambaye hawakuwahi kuonana uso kwa uso na ambaye wote walimwita Kinyozi kwa jinsi alivyopenda kunyoa kazi za wengine, alimwandikia kwamba mpango wote ni mzuri, ila akataka ukatwe ule uondoaji wa kimyakimya. Hauwezi kubaki, alisema. Leo umemkinga mtoto, kesho kiongozi mwovu atawakata watu wake bila wao kujua, wakae miaka wakidhani ni kundi lililolala.

Bawabu alikasirika mpaka chakula kikamshinda. Alimwambia mumewe kwamba Kinyozi hajawahi kukaa kwenye kiti kile akiitazama simu ya kumi. Mumewe, ambaye alikuwa akimenya viazi, alifikiri kidogo, akasema hata yeye akichomelea geti huliwekea mlango mdogo wa mtu kuchungulia aliyeko nje. Hakuwa na hakika kama ni jambo lilelile. Bawabu akasema si lilelile, na akalala amempa mgongo.

Jumapili alikwenda kumwona Mpishi. Hakuna aliyemtuma. Shangazi alikuwa amekwisha kusema kwamba Mpishi hana hatia, lakini kusema ukiwa umbali wa maili nyingi ni rahisi. Alimkuta ameketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, na mdogo wake akipita pita bila kumwangalia mgeni usoni. Shemeji hakuwapo, alikuwa anangoja kesi. Nyumba ilinyamaza kwa namna ya nyumba yenye aibu.

Bawabu aliomba radhi. Alisema kosa ni la programu, na programu ni yake. Mpishi alimsikiliza, mikono ikiwa mapajani.

"Nilikuwa nasoma kila siku," Mpishi alisema mwishowe. "Siwezi kukuficha. Niliona jina langu limetoka, nikasema basi, wamenimaliza. Kesho yake ujumbe ukaingia. Nikajua mmenitoa kwa utaratibu tu, lakini kwa mapenzi mmeniachia nisikie. Taratibu amefika, mtoto wa fulani ameota jino. Nilikuwa nacheka peke yangu hapa."

Bawabu alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani.

"Halafu siku ile kukawa kimya. Nikadhani mmepatwa na jambo. Nikadhani mmekufa. Mpaka askari walipokuja kuuliza kuhusu simu, ndipo nilipojua kuna mtu amenifungia mlango bila hata kuniambia kwaheri." Akanyanyua macho. "Mara ya kwanza hamkuniaga. Na mara ya pili hamkuniaga."

Mdogo wake alileta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Bawabu aliinywa yote, ingawa ilimuunguza. Walizungumza kidogo kuhusu mgongo na dawa zake. Alipoinuka, Mpishi alimsindikiza mpaka mlangoni kwa hatua fupi za maumivu, na hakukuwa na chuki machoni mwake, jambo lililokuwa gumu zaidi kulibeba.

Jumatatu aliifungua ile sehemu ya programu na kumwandikia Kinyozi kwamba yuko sahihi, ingawa maandishi hayo yalimchukua muda mrefu kuliko ulivyostahili urefu wake. Akaufuta uondoaji wa kimyakimya. Tangu hapo, aliyeondolewa angekatwa papo hapo kwenye kila simu, na hapohapo angeambiwa: umeondolewa, na fulani, kwa sababu hii. Shangazi alipoonyeshwa alikunja uso. Aliuliza itakuwaje siku nyingine kama ile ikija, na mtu wa kumi akaarifiwa akiwa tayari garini.

"Sijui," Bawabu alisema. "Itakuwa hatari. Lakini hakuna atakayefika kuwa wa kumi. Hapo ndipo nimeweka nguvu zangu."

Shangazi hakuridhika kabisa, na hata leo hajaridhika. Ila alikubali madaraja, akakubali kwamba hata yeye, mwanzilishi, asiweze kumwingiza mtu bila wa pili kukubali. Mara ya kwanza alipojaribu kumwingiza muuguzi mpya na programu ikamtaka angoje, alipiga kelele zilizosikika mpaka uani. Bawabu alikuwa amekwenda kunywa chai. Alirudi mbio kikombe mkononi, akabonyeza kukubali, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Shangazi alipocheka mwenyewe.

Mgeni na mtoto wake walikaa siku chache hospitalini, wakapelekwa mji mwingine kwa ndugu wa upande wa mama. Bawabu hakuwahi kumwona. Alijua sauti ya mtoto tu, ile iliyosikika nyuma ya Taratibu. Baada ya muda Mgeni aliomba akaunti yake ifungwe, maana hakutaka tena kitu chochote cha siku zile ndani ya simu yake. Kwa utaratibu mpya, ombi lilikuja kwa Bawabu likiwa na jina la mwenyewe na sababu yake. Sababu aliyoandika ilikuwa: nimefika.

Bawabu alilisoma ombi hilo mara mbili. Akaifunga akaunti, akangoja mpaka seva ilipothibitisha kwamba haipo tena kwenye simu yoyote, na arifa ya kuaga ilipokwenda akaisindikiza kwa macho mpaka ilipoonyesha imesomwa.